Wenzangu wanasema sini (onyesho) ya ugomvi ni ndefu: niikate?

SWALI: Habari za kazi. Nasoma utengenezaji wa filamu, mwaka wa pili. Mradi wangu ni filamu fupi ya dakika 12: kijana anarudi nyumbani baada ya msiba wa baba yake, anakuta dada yake ameuza kamera ya marehemu, wanagombana jikoni. Mtazamaji anajulishwa kuhusu kuuzwa kwa kamera na risiti iliyo mezani dakika ya 3. Ugomvi uko dakika ya 7. Nimewaonyesha wenzangu 9. Wanne wanasema ugomvi ni mrefu mno, wawili wanasema hiyo ndiyo sini bora kuliko zote, mmoja anataka niweke muziki, mwingine anataka nianze na mwisho, na wa tisa ameona glasi inahama mkono kati ya shoti moja (kipande cha picha kilichorekodiwa bila kukatwa) na nyingine. Zimebaki wiki 3, na mwalimu anataka ripoti ya jinsi nilivyotumia maoni yao. Nimfuate nani?

JIBU: Kwa sasa usimfuate yeyote, na ugomvi usiuguse. Mwenzako anapoizungumzia filamu yako hukupa mambo mawili kwa pamoja: kilichompata alipokuwa akitazama, na dawa anayoona ingefaa. Hilo la kwanza huna haki ya kulibishia, maana yeye ndiye aliyekuwa akitazama. La pili ni pendekezo la mtu asiyejua ulipiga shoti gani nyingine wala kwa nini uliziacha.

“Sini ni ndefu” inasikika kama ushahidi, kumbe tayari ni hukumu. Warudie wale wanne, mmoja mmoja, uwaulize: ulianza kuchoka pale waliposema nini? Na wakati huo, ulikuwa unajua kwamba kamera imeuzwa? Nahisi utakuta kwamba wawili walioipenda sini hiyo waliiona risiti, na wale wanne iliwapita. Asiyeiona risiti anasikiliza watu wakipayukiana bila kujua wanagombea nini, na ugomvi wa namna hiyo huchosha hata ukiwa wa sekunde 40. Ukiukata utakuwa mfupi na bado hautaeleweka.

Kwa hiyo kazi huenda iko dakika ya 3. Icheze shoti ile bila sauti uone jicho lako linakwenda wapi. Kama kijana yumo kwenye fremu na anazungumza, watu watautazama uso wake, na risiti itakuwa pambo la meza. Ipe shoti yake ya karibu, ikae muda wa kutosha mtu kuisoma mara mbili bila haraka, na mazungumzo yanyamaze juu yake. Hukuipiga? Ipige sasa, hapo huhitaji waigizaji, unahitaji meza ileile na mwanga unaofanana.

Nalikazania jambo hili kwa sababu wewe mwenyewe huwezi kuliona. Mwongozaji wa Kisovieti Lev Kuleshov anakumbukwa kwa jaribio la kuunganisha uso uleule wa mwigizaji na bakuli la supu, kisha jeneza, kisha mwanamke. Inasimuliwa kwamba watazamaji waliona njaa, huzuni na tamaa katika uso ambao haukubadilika hata kidogo. Maana hujengwa kichwani mwa mtazamaji, pale shoti mbili zinapokutana. Wewe uliiweka ile risiti kwa mkono wako, hivyo kichwa chako huijazia filamu hata pale ilipo na pengo. Hali ni hiyohiyo kwa mpiga picha wako na fundi wako wa sauti. Kama wamo kati ya wale 9, usiwahesabu unapouliza kama hadithi imeeleweka.

Kikao kijacho kipange tofauti. Liz Lerman, mtunzi wa dansi wa Marekani, alianzisha mwaka 1990 utaratibu wa hatua nne ambao unafaa sana kwa filamu: watazamaji waseme kwanza kilichowagusa au kilichobaki akilini; kisha mwenye kazi aulize maswali yake; kisha watazamaji waulize maswali yasiyobeba hukumu; mwisho kabisa watoe maoni, baada ya kuomba ruhusa. Hatua ya tatu ndiyo ngumu. “Kwa nini umeuvuta ugomvi hivyo?” ni lawama yenye alama ya kuuliza. “Ulitaka tujue nini kuhusu dada kabla hajafungua mdomo?” ni swali, na litakufikirisha usiku kucha. Mimi huongeza jambo moja: kabla ya yeyote kusema, kila mtu aandike kimya kimya hadithi aliyoiona, kwa sentensi tatu, na dakika aliyopotelea. Vinginevyo mwenye sauti kubwa atasema, na wengine watamfuata.

Ukishajua tatizo liko wapi, bado utalazimika kuchagua. Mhariri wa filamu Walter Murch aliupa kila mkato, yaani pale shoti moja inapoishia na nyingine kuanza, vigezo sita kwa asilimia: hisia 51, hadithi 23, mdundo 10, vingine chini ya hapo, na mwendelezo wa nafasi, yaani nani na nini kiko wapi chumbani, 4 tu. Glasi inayohama mkono inaangukia humo. Kama shoti yenye kosa hilo ndiyo dada anapoigiza kwa ukweli zaidi, iache.

Muziki usiuweke kabla mpangilio wa shoti haujatulia, maana unaweza kukuficha udhaifu wa sini. Anayetaka uanze na mwisho anapendekeza filamu nyingine, lakini muulize kama dakika ya kwanza ilimpa jambo la kusubiri.

Mtu huiona filamu kwa mara ya kwanza mara moja tu. Tafuta watu watatu ambao hawajaiona, uwaweke kwa wiki ya mwisho, kabla ya kufunga picha (yaani kuacha kabisa kubadilisha mpangilio wa shoti) na kuanza kusawazisha rangi na sauti. Waambie kwamba rangi na sauti bado hazijakamilika, ila hakikisha mazungumzo yanasikika, la sivyo watakuambia wamepotea kwenye hadithi kumbe hawakusikia.

Ripoti ianze kuandikwa leo: dakika, alichosema mtazamaji, chanzo unachodhani, ulichobadilisha, na jinsi watazamaji wapya walivyopokea. Maoni uliyoyakataa yaandike pia, pamoja na sababu. Mimi ningeyasoma hayo kwanza.