Jibu: Kola zilizowekwa pembeni ukweni

Salaam ndugu. Umeuliza kwa nini wakwe zako Waigbo, kule Enugu, Nigeria, waliziweka pembeni kola (mbegu za kutafuna) ulizopeleka. Kwanza pasua moja iliyobaki uitazame ndani. Ikiachana vipande 2 tu, hiyo ni gworo, wanayoipenda Wahausa. Hutafunwa, lakini kwa Waigbo haiombewi dua. Tafuta oji Igbo, yaani kola ya Kiigbo, yenye vipande 3 au zaidi. Ya vipande 4 hupokewa kwa furaha, kwani siku zao za soko ni 4: Eke, Orie, Afo na Nkwo. Sahani ya kola ikikufikia, iguse tu, irudi kwa mwenyeji, usipasue wewe. Dua ni kwa Kiigbo, maana wanasema kola haisikii Kiingereza. Pembeni iwepo karanga iliyosagwa na pilipili, ya kuchovyea.