Barua kwa mwanangu: kizazi kulala nyuma, na mkojo unaogoma

Mwanangu,

Meseji yako ya usiku nimeisoma mara tatu. Unasema umepiga altrasaundi, mimba ina wiki 11, daktari akakwambia kizazi kimelala nyuma halafu akaendelea na mengine kama hajasema kitu, na sasa unauliza kama ndo kile kilichonipata mimi nikiwa na mimba yako. Sio chenyewe, na uwezekano mkubwa hutafika huko. Ila nakuelezea yote maana mimi sikuelezwa.

Kizazi kulala nyuma sio ugonjwa. Cha wengi kinainamia mbele juu ya kibofu, ila kama mwanamke 1 kati ya 5 chake kinaelekea mgongoni na wengine wanazeeka hawajui. Mimba ikikua kinajiinua chenyewe kinatoka kwenye nyonga kinapanda tumboni, mara nyingi wiki ya 12 mpaka 14 hivi. Kasheshe ni pale kinapokwama, mtoto anakua lakini kizazi kimenasa ndani ya nyonga, chini ya pale mfupa wa mgongo unapochomoza kwa ndani. Ni nadra, kama mimba 1 katika 3,000. Wenye makovu ya operesheni au ya maambukizi ya zamani, faibroidi (uvimbe wa kwenye kizazi) au endometriosisi (nyama kama za ndani ya kizazi kuota nje yake) ndo wako karibu nayo zaidi, japo wengine inawapata tu.

Mimi ilinianza wiki ya 15. Kila nusu saa niko chooni, nafungulia bomba nisikie maji yanatiririka labda na wangu utatoka, nakamua, matone matatu basi. Halafu usiku nashtuka nguo imelowa. Hapo ndo nilipojidanganya, nikasema si unatoka huu, kumbe kibofu kimejaa mpaka kinamwagika chenyewe. Mgongo unauma, choo kigumu, na kule nyuma nahisi kama kuna kitu kinasukuma muda wote. Nilikoenda mara ya kwanza nikapewa dawa za UTI, maambukizi ya njia ya mkojo, nikarudi nyumbani. Siwalaumu sana, dalili zinafanana, ila hakuna aliyenishika tumbo, na angenishika angekuta donge limefika karibu na kitovu, na donge lenyewe hukuwa wewe, kilikuwa kibofu. Kizazi kikinasa vile shingo yake inasukumwa juu na mbele, nyuma ya mfupa wa kinena, njia ya mkojo inavutwa inabanwa.

Siku mbili baadae nikapata daktari mwingine, mama mtu mzima. Kabla ya yote akaniwekea mpira wa mkojo. Ulitoka zaidi ya lita moja mwanangu, nililia kwa raha. Ndo akanipima kwa vidole, akatafuta mlango wa kizazi pale unapokaaga akaukosa, ulikuwa juu kabisa mbele, vidole haviufikii, na nyuma kumejaa kitu cha duara. Altrasaundi ikathibitisha, isipoonyesha vizuri wengine wanapelekwa MRI, kipimo kingine cha picha za ndani ya mwili.

Kibofu kikishakuwa kitupu kuna wengine kizazi kinajirudi chenyewe. Mimi aliniambia nipige magoti, kifua nilaze kitandani, makalio juu (aibu niliiacha mlangoni), haikutosha, basi akaingiza vidole ukeni akakisukuma taratibu kwenda juu kidogo kwa pembeni, na nikasikia kabisa kitu kimeteleza kikapanda. Sekunde tu. Wakishindwa hivyo wanafanya ukiwa umepigwa ganzi au nusu kaputi, kuna wanaopitisha ile kamera ya utumbo mkubwa na kujaza hewa ili kisukumwe, na mwisho kabisa ni operesheni. Wengine wanawekewa pete ukeni kwa muda isirudi tena. Kadiri unavyowahi ndo inavyokuwa rahisi, ikipita wiki ya 20 kukirudisha ni kazi ngumu, na kikibaki hivyo mpaka mwisho utajifungua kwa operesheni na anayekata lazima ajue mapema, maana kibofu na shingo ya kizazi vinakuwa vimevutwa juu sehemu ambayo kwa kawaida angepasua bila wasiwasi. Ukiiacha tu hivyo, kibofu kinaweza kupasuka, figo zikaumia, na mimba yenyewe ikatoka.

Kwa hiyo kuanzia sasa mpaka wiki ya 20 hivi nataka uuangalie mkojo wako kuliko hata tumbo. Ukigoma, ukitoka matone, ukivuja bila kujijua, nenda siku hiyo hiyo, hata iwe usiku. Usinywe maji mengi eti yausukume, utajaza ndoo iliyojaa. Usikubali mtu akukande tumbo. Ukifika sema kabla hawajaandika dawa yoyote: nina mimba ya wiki kadhaa, kizazi changu kimelala nyuma, naomba mkiangalie kibofu. Wakikupa dawa za UTI na mkojo bado haushuki, rudi. Na kama kuna damu au tumbo linakaza usisubiri hata hilo.

Sasa nijibu leo leo, na usinizungushe: ukikojoa unasikia umemaliza, au unanyanyuka bado upo?

Mama yako