Kumwacha rafiki anayekula unga, na bado mnaishi mtaa mmoja

Tulipewa jina moja, ndiyo maana tangu darasa la tatu tunaitana Somo. Mama yake akiliita jina hilo uani kwao Magomeni tulikuwa tunaitika wote wawili, na aliyekuwa karibu ndiye aliyetumwa dukani. Mwaka 2019 mama mmoja mteja wangu alikuja kibandani kwangu Manzese na kaka zake wawili, wakalitaja jina hilohilo, na siku hiyo nilitamani nisiitike.

Mimi ni fundi friji. Yule mama anauza samaki, na alikuwa ameniachia friza lake nilijaze gesi. Asubuhi nililikuta friza lipo, kompresa haipo, na mabomba ya kopa yamekatwa kwa msumeno. Kitasa kilikuwa kizima. Ufunguo wa kibanda ulikuwa na watu wawili tu, mimi na Somo, niliyemfundisha kazi mwenyewe. Kompresa nilinunua nyingine kwa shilingi 260,000 za mfukoni mwangu. Zile kopa najua zilikwishapita kwenye mizani ya skrepa kabla adhana ya alfajiri haijamalizika.

Naandika kwa mtu aliyefika hapo. Ushauri mwingi niliopewa ulitoka kwa watu wanaodhani kumwacha rafiki ni kufuta namba yake. Uswahilini hakifutiki kitu. Utakutana naye msibani, utakutana naye kwenye harusi ya binti wa jirani, na mama yake ataendelea kukuita mwanangu. Ilinibidi nijue kwanza naacha nini na kinabaki nini.

Nianze na kinachobaki, maana ndicho kilichonichelewesha. Desemba 2011, Bonde la Msimbazi lilipofurika, bibi yangu alikuwa amepanga chumba huko Jangwani. Somo alifika kabla yangu. Alimtoa bibi mgongoni, maji yakiwa kifuani, akarudi tena kuchukua begi lake la nguo. Watu wengi wa bondeni walihamishiwa Mabwepande; bibi alikuja kuishi kwetu, akaishi miaka sita zaidi, na kila Idi alikuwa anamtengea Somo sahani yake hata akichelewa hadi usiku.

Wakati anambeba bibi, alikuwa ameshaanza unga, yaani heroini. Nikisema hivi watu hukunja uso. Wanataka teja awe mbaya tangu utotoni ili kumwacha kuwe kwepesi. Kama na wewe una deni la namna hii, usijifanye halipo, ila jiulize unalilipa kwa nani. Mimi nililipa miaka minane, na malipo yote yaliishia mikononi mwa pusha.

Alianza na kokteli, yaani bangi iliyochanganywa na unga, kisha akaanza kujidunga. Nilichelewa kuelewa. Nilimpeleka kupima malaria mara mbili nikidhani ni homa, kumbe ni arosto, mwili unadai unga: miayo isiyokatika, makamasi, machozi, tumbo linakata, vinyweleo vimesimama kwenye joto la Februari. Arosto ya heroini huanza saa chache baada ya kete, yaani kipimo, ya mwisho, hukaza siku ya pili na ya tatu, na kwa kawaida mwili hutulia ndani ya wiki moja hivi. Inayobaki ni hamu, na hiyo haina wiki. Mtu aliye kwenye arosto anapokudanganya hakudharau wewe; angemdanganya hata imamu. Nilipolijua hilo sikuacha kuumia, ila niliacha kubishana naye, na kubishana kulikuwa kunanila kuliko hata pesa.

Pesa zenyewe sasa. Chukua daftari. Mimi nilitumia la kazi, kurasa za nyuma, nikaandika kila nilichotoa na sababu aliyonipa: nauli, dawa ya mama, kodi, mtoto wa dada ana homa. Hakuwahi kuomba nyingi. Elfu mbili, elfu tatu, mara mojamoja elfu kumi. Baada ya miezi 14 nilijumlisha nikapata 1,340,000. Nilikaa na kikokotoo mkononi nikarudia hesabu mara tatu.

Nikajiona mjanja: nisimpe pesa, nimpe vitu. Nikawa namnunulia umeme wa LUKU moja kwa moja kwa simu. Miezi miwili baadaye nikagundua namba ya mita aliyonipa ilikuwa ya jirani yao, ambaye alikuwa anampa taslimu pungufu kidogo. Yule jirani ninamfahamu, ni mtu wa swala tano. (Sijawahi kumuuliza. Kuna siku nitamuuliza.)

Kabla ya kuacha nilijaribu kliniki, na nakushauri ujaribu, japo kwa masharti. Kliniki ya methadoni ilifunguliwa Muhimbili Februari 2011, na Mwananyamala ikafuata. Dawa haiuzwi. Ni ya maji, mtu anainywa mbele ya mhudumu, na mwanzoni haruhusiwi kuondoka nayo. Dozi moja inaizuia arosto kwa siku nzima na zaidi, bila kumpa ile stimu anayoifukuzia mtaani. Ugumu wake ni kwamba ni kila siku: Jumapili, sikukuu, siku ya mvua ambayo daladala hazionekani. Nilimsindikiza Mwananyamala siku 19 mfululizo, asubuhi kabla ya kufungua kibanda. Alianza kunenepa. Alianza tena kunitania kuhusu Simba. Nikaona mambo yamenyooka, nikaacha kwenda naye na kuanza kumwachia nauli mkononi. Wiki haikuisha.

Kwa hiyo kama bado una nguvu, toa miguu yako, nauli usitoe. Na kama huna nguvu hiyo, mwambie ukweli kwamba huna.

Hapa niweke jambo moja unalopaswa kulijua hata kama mmeshaachana. Mtu aliyekaa bila unga, iwe alikuwa kliniki, sobahausi (nyumba za wanaoacha dawa) au mahabusu, mwili wake umesahau kiasi alichokizoea. Akirudi kwenye kete ileile ya zamani inaweza kumwua. Ukimkuta amezimia, anakoroma kwa shida au pumzi inapotea, midomo imebadilika rangi, mlaze ubavu, mkimbize hospitali, na uwaambie wazi kuwa ametumia heroini. Ipo dawa ya kumrudisha, naloksoni, lakini daktari anahitaji kujua anapambana na nini. Usione aibu kwa niaba yake.

Turudi kwenye kompresa. Kaka wa yule mteja hawakuja kudai friza tu. Walitaka niwaonyeshe maskani anakolala. Mkubwa wao alisema, "Tuonyeshe tu, sisi tutajua." Nilijua watajua nini. Wote tumewahi kusoma habari za "wananchi wenye hasira kali", na wengine tumewaona kwa macho: anaanza mmoja kuita mwizi, wanatoka watu ambao hata hawajui kilichoibwa, na kabla polisi hawajafika kuna tairi. Nikawaambia mwizi simjui, kompresa nitanunua, njooni Alhamisi. Nadhani walijua nadanganya. Baadaye nilikwenda kwa mjumbe nikamweleza kwa sauti ya chini. Kati ya yote ninayoshauri hapa, hili ndilo nisilolitilia shaka hata kidogo: hata kama amekuibia mpaka godoro, usimwitie mwizi barabarani. Kompresa inanunulika.

Nilisubiri siku mbili ndipo nikamwambia. Ukimwambia mtu akiwa kwenye arosto, anachosikia ni kwamba hapewi pesa. Ukimwambia akiwa anasinzia kwa stimu, atakubali kila kitu na jioni hatakumbuka. Niliitafuta ile saa ya katikati, nikampata asubuhi, tukakaa kwenye benchi nje ya kibanda na chai na chapati. Usiku nilikuwa nimeandaa hotuba ndefu kuanzia mwaka 2009. Nashukuru sikuitoa. Ukianza kumsomea mtu makosa yake, ataapa, atalia, utalia naye, na mtaachana umempa elfu tano.

Nilisema hivi: "Somo, kitasa nimebadilisha. Pesa sitakupa tena, hata ya maji. Kwangu usije kama sipo. Siku ukitaka kliniki nigongee, hata saa nane za usiku, alfajiri tutakwenda wote kwa miguu."

Akasema, "Umechoka."

Nikasema, "Nimechoka."

Kompresa sikuitaja, naye hakuitaja. Akamaliza chapati yake, akaomba nusu iliyobaki ya kwangu, nikampa. Basi. Miaka 23 ya urafiki ilikwisha kwa dakika ambazo chai haikuwahi kupoa.

Jioni nilikwenda kwa mama yake. Hili usilikwepe, na usimtume mtu. Kwa miaka mingi mimi ndiye niliyekuwa namfichia: "Shikamoo mama, Somo yuko kazini, leo tuna friji nyingi," wakati sijamwona wiki nzima. Nilidhani namlinda mama, kumbe nilikuwa namlinda mwanawe asiulizwe. Nilimkuta anafunga barafu za ubuyu. Nikamweleza yote, na uongo wangu nikauweka mezani pia. Hakuinua macho kwenye vile vifuko. Akasema, "Wewe umeweza, mwanangu. Mimi nikimwacha, anakwenda kwa nani?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Ninachojua ni kwamba rafiki ana njia ya kutokea ambayo mama hana, kwa hiyo rafiki asithubutu kumfundisha mama afunge mlango. Nilimwambia nitakachokiweza: friza lake la barafu, likiharibika wakati wowote, nitalitengeneza bure.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya msiba usio na matanga. Mtu akifa, jirani wanaleta mikeka, wanakupa pole, wanakupikia. Mimi sikupewa pole na yeyote. Nilipewa hongera. "Umefanya la maana kumkata yule teja." Nilizichukia hongera zile kuliko lawama za waliosema nimemtupa, maana wenye lawama angalau walikumbuka alikuwa mtu. Nilikuwa nikipita kituo cha Tip Top namsikia anapiga debe, "Siti mbili, siti mbili!", nabadilisha njia. Usijishangae ukifanya hivyo. Mke wangu ndiye aliyenishauri nitafute wa kuongea naye, nikampata mzee mmoja msikitini ambaye mwanawe alipitia hayohayo. Hakunipa hata neno la busara. Alinisikiliza akinitengenezea kahawa, Ijumaa hadi Ijumaa, karibu mwaka mzima.

Watu huniuliza kama siku hizi tunasalimiana. Tunasalimiana. Mkikutana msibani msalimie, mpe mkono, muulize hali ya mama. Kumnunia mtu mnayebeba naye jeneza moja ni kujichosha bure. Akiomba mia tano, mwambie sina ya kukupa, usimwambie sina. Ni tofauti ndogo lakini yeye anaijua, na wewe unalala vizuri.

Amenigongea mara moja tu tangu ile siku ya chapati, mwaka 2021, saa kumi alfajiri. Tulitembea Manzese hadi Mwananyamala bila kuzungumza sana. Alianza upya. Aliendelea kwa muda gani sikuuliza, kwa kuwa nilishajua kwamba nikianza kuhesabu siku zake nitarudi kule nilikotoka.

Mwezi uliopita mama yake aliniita, friza haligandishi. Nilikwenda na begi la vifaa, nikamkuta Somo amekaa kibarazani. Alisimama bila kuitwa, akachukua tochi akanimulikia nyuma ya friza. Kazi hajaisahau. Alisema gesi inavuja kwenye kiungo, na kweli ilikuwa inavuja kwenye kiungo. Nilichomelea, nikajaza gesi, tukakaa tunasikiliza kompresa ikiunguruma.

"Imeshika?"

"Imeshika."

Nilipoanza kukusanya vifaa, aliweka tochi chini akatoka nje, akaenda kusimama kule kwenye ndoo za maji akinipa mgongo. Nadhani hakutaka tuwe wote pale ninapohesabu spana. Nilizihesabu. Zilikuwa zote.