Siku moja Pemba haitoshi

Dada, umeuliza kama siku moja Pemba inatosha kwa watu sita wapenda ndege. Haitoshi, laleni angalau usiku mbili. Pemba ina ndege wanne wasiopatikana kwingine duniani: ninga wa Pemba (njiwa wa kijani), chozi wa Pemba (ndege mdogo mnyonya maua), kinengenenge wa Pemba (ndege mdogo mwenye duara jeupe machoni) na bundi mdogo wa Pemba. Huyo bundi ndiye atakayewalazimu kulala. Mtafuteni msitu wa Ngezi, karibu na Konde, giza likishaingia, pamoja na mwongoza wageni wa pale. Msikilizeni bundi akilia kwanza, tochi baadaye na kwa muda mfupi tu. Alfajiri rudini Ngezi kwa hao wengine.

Jioni nyingine nendeni Kidike, kwenye hifadhi ya popo, mkawaone popo wa Pemba. Tafadhali, mtu asipige makofi ili waruke! Wanachoka bure, jua likizama wataruka wenyewe. Epukeni masika, Machi hadi Mei.