Riwaya za dunia kwa wanafunzi wangu nitazipata wapi?

SWALI: Habari za kazi dada. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na Kiingereza sekondari ya kata huku Masasi. Kidato cha tatu nina watoto 70, maktaba yetu ni kabati moja liko ofisini kwa mtaaluma na ndani ni vitabu vya kiada tu. Watoto wakishasoma vile vya mtihani basi, hawashiki tena kitabu. Natamani riwaya tamu zitakazowaonyesha watu wa nchi nyingine wanaishije, ila hela hakuna kabisa. Nianzie wapi?
Mwalimu, Masasi

JIBU: Mwalimu wangu, hongera na pole. Mimi pia nimeshika chaki huku kusini kwa hiyo hilo kabati nalijua.

Kwanza usianze kwa kuomba boksi la msaada. Shule niliyofundisha zamani tuliletewa maboksi kutoka nje, tukapiga na picha, kufungua tunakuta vitabu vya kompyuta za kizamani na hadithi za watoto wanacheza kwenye theluji, Kiingereza chake hata sisi walimu kilitutoa jasho, halafu kila kitabu kopi moja. Sasa kopi moja watoto 70 utafanyaje? Bora riwaya moja, kopi tano.

Na hiyo moja iwe ya Kiswahili. Najua wapo watakaosema sekondari ni Kiingereza, lakini mtoto anayekwama kila mstari hadithi haimwingii hata kidogo, anachoka ukurasa wa pili. Mimi ningechukua Peponi ya Abdulrazak Gurnah, yule mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Nobeli 2021, imetafsiriwa na Ida Hadjivayanis na wachapishaji Mkuki na Nyota wakaitoa 2022. Baba ana deni hawezi kulipa, mtoto wake Yusuf anachukuliwa na tajiri mfanyabiashara kufidia lile deni, baadaye anaingia naye safari za bara. Deni watoto wetu wanalijua, hapo huna haja ya kufafanua. Ina sehemu za kikubwa kidogo kwa hiyo isome yote wewe kwanza.

Mwishoni wanatokea Wajerumani wanakusanya watu wa vita. Ukifika hapo funga kitabu uwaambie kwamba vita hiyo hiyo, Vita ya Kwanza ya Dunia, ilifika huku kwetu, Oktoba 1917 watu waliuana siku nne pale Mahiwa, karibu na Nyangao, njia hii hii wanayopita wakienda Lindi, na upande wa Waingereza walikuwepo askari kutoka Nigeria. Nigeria, mwalimu! Wengine walizikwa huku huku. Sasa baada ya hapo ukibahatisha maktabani Shujaa Okonkwo, ile riwaya ya Chinua Achebe wa Nigeria kwa Kiswahili, watoto wataigombania wenyewe maana watataka kujua wale watu kwao kulikuwaje.

Namna ya kusoma: dakika ishirini kila Ijumaa unasoma wewe kwa sauti, unakatia pale pale patamu, halafu kopi tano zinazunguka kwenye makundi mpaka Ijumaa nyingine. Ukikatia patamu kweli watakufuata mpaka nyumbani kwako.

Hela sasa. Minada ya korosho ikianza Oktoba ndio wazazi wana pumzi, ombi lako lisubiri kikao cha wakati huo, ukipeleka Machi utaambulia huruma tu. Wazazi kadhaa wakichangiana kopi moja haiumi. Ila pitia kwa mkuu wa shule na bodi kwanza, maana tangu ada ifutwe 2016 michango ina utaratibu wake na sitaki upate matatizo kwa jambo jema. Ukiwa na ndugu Dar mtume duka la vitabu la TPH pale mtaa wa Samora, mzigo unapanda basi la Masasi. Na ukija Mtwara mjini kwenye semina pita maktaba ya mkoa na barua ya mkuu wako, uulize shule inaazimaje.

Fotokopi ya kitabu kizima usitoe. Ni jasho la mwandishi, na ukipiga hesabu ya karatasi na wino hela yenyewe inakaribia ya kitabu halisi.

Kama hela itachelewa nunua kopi moja tu ya kusomea wewe, hizo Ijumaa zianze, tano zitafuata.