Laita ya gari la zamani: usinunue kichwa tu, angalia na vya nyuma ya dashibodi

Wadau wa magari ya zamani, leo nataka tuongee kuhusu laita ya sigara, kakitu kadogo ambako watu wanakadharau mpaka siku gari linakaguliwa na mtu mwenye jicho kali. Mimi sivuti na wengi wenu nadhani hamvuti, ila gari la mwaka 1958 umelipiga rangi vizuri, viti umeshona upya, halafu kwenye dashibodi kuna tundu wazi au kumechomekwa laita ya gari la juzi, aisee inaharibu kila kitu.

Kwanza elewa kwamba laita siyo spea moja. Mtu akikwambia ana laita orijino muulize orijino kipande gani, maana kuna kichwa unachoshika, kuna koili, yaani waya unaopata moto, iliyofungwa kwenye kikombe chake, kuna soketi inayopokea umeme, na kuna lile ganda la nyuma linalojifunga kwa nyuzi kama nati kubana soketi kwenye bati la dashibodi, na magari mengine yana pete ya mbele na kitaa kidogo. Vyote hivyo vinafunguka kimoja kimoja na vingi vinaingiliana gari kwa gari, kwa hiyo nyingi ninazokutana nazo ni mchanganyiko, kichwa cha enzi zake, koili ya miaka 20 baadaye, soketi ya gari lingine kabisa. Na muuzaji wala hakudanganyi makusudi, mara nyingi na yeye hajui.

Kichwa ndo watu wanakimbilia na ndo rahisi kuigiza. Mimi huwa siangalii kichwa peke yake, nakilinganisha na vichwa vya swichi nyingine za dashibodi hiyohiyo, taa, waipa, choki, kwa sababu kiwandani vilitoka kama seti, plastiki moja, rangi moja, mkunjo mmoja wa ukingo. Mercedes za miaka ya 50 zenye vichwa vya rangi ya pembe utaona vimezeeka pamoja, sehemu inayopigwa jua imekolea njano na sehemu iliyojificha iko hafifu, sasa ukikuta laita ina njano sawasawa kila upande mpaka ndani ya shimo, hiyo njano imetiwa, haijazeeka. Magari ya Marekani ya miaka ya 30 na 40 mengi yalitumia plastiki iliyoitwa Tenite, na hii inanywea na kupinda ikizeeka, kwa hiyo kichwa cha Tenite kilichonyooka kama kimetoka kiwandani jana kitilie shaka kidogo.

Sasa njoo kwenye chuma, hapa ndo mimi natumia muda mwingi. Chomoa laita, soma maandishi kwenye kikombe cha koili na kwenye kitako cha soketi, chukua tochi na kioo cha kukuzia. Za Marekani utakutana na majina ya watengenezaji kama Casco, Cuno au Sinko, na mara nyingi kuna namba ya patenti, yaani hati ya haki ya uvumbuzi, na hiyo namba ni dhahabu. Patenti namba 2,000,000 ya Marekani ilitolewa 1935 na namba 3,000,000 ilitolewa Septemba 1961, kwa hiyo laita yenye patenti inayoanzia milioni 3 haiwezi kuwa ilitoka na gari la 1957 hata muuzaji aape vipi. Ila kinyume chake hakithibitishi kitu, namba ya zamani inaweza kuendelea kugongwa kwenye chuma miaka mingi. Na wale wanaosema laita ya kujitoa yenyewe ilikuja miaka ya 50 wamepotea, patenti ya mvumbuzi Mead ya laita inayokata umeme yenyewe ni namba 1,736,544 ya mwaka 1929, na kesi yake na kampuni ya Cuno ilifika mpaka Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1941, patenti ikaonekana haina ubunifu wa kutosha. Kwa zile za Ujerumani, ukiona imeandikwa W. Germany, yaani Ujerumani Magharibi, ujue ni kabla nchi haijaungana 1990, lakini kukosa hiyo W hakumaanishi ni mpya.

Angalia na namna maandishi yalivyowekwa. Ya zamani yamegongwa kwa chapa, chuma kimebonyea na kingo zimelegea, zile za kuigiza nyingi maandishi yamechorwa kwa leza, membamba na makavu.

Halafu volti. Chevrolet walihamia volti 12 mwaka 1955, Ford wa Marekani 1956. Koili ya volti 6 ukiipa 12 inaungua fasta, na ya 12 kwenye gari la 6 inapata uvuguvugu tu. Kwa hiyo ukikuta gari la 1953 lina koili iliyogongwa 12V, ama gari lilibadilishwa mfumo ama koili siyo yake. Vipimo navyo pima kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia upana, usikisie, soketi zinazofanana kwa macho zinatofautiana nusu milimita, kuna za kama 21 na za kama 21.5, na hiyo inatosha laita kucheza au kugoma kuingia.

Kitu ambacho nawaomba msikifanyie mzaha ni vile vidole vya bimetali (metali mbili zilizounganishwa) chini kabisa ndani ya soketi. Ndo vinavyoshika kikombe, koili ikiwa nyekundu vinapata moto, vinatanuka, vinaachia, springi inarusha laita nje. Soketi nyingi za kisasa ni za kuchajia tu, hazina vidole hivyo na nyingine ndani ni plastiki, ukichomeka laita ya kweli humo unatafuta moto ndani ya gari. Kuna watu wanauza soketi hizo zimevalishwa pete ya kizamani, mbele inapendeza kabisa, we mulika tochi ndani.

Namba za spea zinasaidia ila kwa akili. Kwa Ford herufi ya kwanza inaonyesha miaka kumi ipi, B miaka ya 50, C ya 60, D ya 70, na tarakimu inayofuata ni mwaka, kwa hiyo C5 ni 1965. Lakini namba iliyogongwa kwenye chuma na namba ya kwenye boksi la spea zinaweza kutofautiana na vyote viwili vikawa halali, usimwite mtu tapeli kwa hilo tu.

Kama hela haitoshi kununua kila kitu orijino, mimi ningeiweka kwenye kichwa na soketi, koili nunua mpya yenye volti sahihi maana ni kitu cha kuungua na haionekani ikiwa ndani. Ukishafunga ijaribu kupitia fyuzi, bonyeza uhesabu, ikifika sekunde 30 haijaruka ichomoe mwenyewe ukavikague vidole. Na kama gari lako chanya ya betri ndo imefungwa kwenye bodi, kama magari mengi ya Uingereza ya kabla ya katikati ya miaka ya 60, laita itawaka bila shida ila usichomeke chaja ya simu humo, maana chanya na hasi zimegeuzwa.