Bahrain ikoje? Mleta uzi, kwanza usitume hiyo hela ya fri viza

Mleta uzi, umeuliza mengi. Bahrain ina ukubwa gani, joto lake likoje, pesa yao, dini, chakula, usalama, na kama unaweza kumvuta shemeji yetu akufuate. Halafu kule chini kabisa, kama mtu anayeulizia bei ya chumvi, ukagusia kwamba wakala wako anataka uingie na viza ya matembezi, ukishafika akununulie fri viza kwa dinari 1,000, "ufanye kazi popote upendapo". Wadau hapo juu wamekujibu habari za joto na biriani. Mimi nimesoma mstari wa mwisho nikaweka chai chini.

USITUME HIYO HELA.

Tuanze na hesabu, maana nadhani hujaipiga. Dinari ya Bahrain imefungwa kwenye dola tangu 2001, na dinari moja ni dola 2.65 hivi. Dinari 1,000 ni zaidi ya dola 2,600. Hizo ni bodaboda mbili mpya, ndugu yangu, unampa mtu ambaye hata ofisi yake hujaiona, akuuzie kitu ambacho kisheria hakiuzwi. Sheria iliyounda mamlaka yao ya soko la ajira, LMRA, ni ya 2006, na sheria hiyo hiyo inakataza kumtoza mfanyakazi hela ya kibali. Ada ni ya mwajiri. Kwa hiyo muuzaji anavunja sheria kabla wewe hujafunga hata begi.

Sasa elewa huo mchezo unavyochezwa. Bahrain ina watu kama milioni moja na nusu, na zaidi ya nusu yao ni wageni: Wahindi, Wabangladeshi, Wapakistani, Wafilipino, na sisi wa Afrika Mashariki. Kila mgeni mfanyakazi amening'inia kwenye kibali cha LMRA. Kibali kina jina la mwajiri na aina ya kazi. Kibali ndicho kinachozaa ukaazi, ukaazi unazaa CPR, kadi ya kitambulisho cha kule, na bila CPR huna akaunti, hupangi chumba, hospitali wanakuangalia tu. Kuna jamaa wana leseni za biashara zilizolala. Duka limefungwa au halina wateja, ila kwenye mfumo bado anaruhusiwa kuwa na wafanyakazi kadhaa. Nafasi hizo anaziuza. Huyo ndiye atakuwa kafili wako, yaani mdhamini. Kwenye karatasi wewe ni mfagiaji wa duka lake, mtaani unaosha vyombo kwenye mgahawa wa mtu mwingine. Kadi unayo, picha yako ipo, jina limeandikwa vizuri, na bado uko kinyume cha sheria tangu siku ya kwanza, kwa sababu aliyekuandikisha siye unayemfanyia kazi. Hiyo ndiyo "popote upendapo".

Najuaje? Kwa sababu mimi nilikuwa mtu wa usafi wa gereji Salmabad. Sijawahi kufagia hiyo gereji. Sijui hata mlango wake unatazama wapi. Nilikuwa jikoni kwenye mgahawa mmoja Hoora, mtaa wa Manama, mji mkuu, na mwenye mgahawa alijua karatasi yangu ni ya wapi. Basi akawa analipa anavyojisikia. Mwezi huu kamili, mwezi ujao nusu, unaofuata "subiri Ramadhani ipite". Nimshitaki wapi? Niende LMRA niseme mgahawa haujanilipa, waniulize ulikuwa unafanya nini mgahawani wakati wewe ni wa gereji? Nikawa nakaa kimya nakatakata vitunguu, na machozi nasingizia vitunguu.

Kafili naye miezi ya mwanzo alikuwa mpole kupita kiasi. Ananiita "habibi". Kisha akaanza kudai dinari 30 kila mwezi, anaita gharama za mfumo. Nikalipa. Mwezi mmoja nikachelewa, kwa sababu na mimi nilikuwa nimecheleweshwa. Akaingia kwenye mfumo akaandika kwamba nimetoroka kazini. Hakunipigia. Hakunitumia neno. Tena Ijumaa ile ile tulitakiana Ijumaa njema WhatsApp, akanirudishia maua!

Wakaguzi walipokuja mgahawani wakaingiza namba yangu ya CPR kwenye simu, jibu likatoka: mtoro. Nimevaa aproni, nimeshika mwiko. Mtoro gani anakutwa anapika wali kwa watu arobaini? Niliwachekesha hata wakaguzi wenyewe, ila kucheka hakukuwazuia kunipandisha gari. Nilizuiliwa, nikarudishwa nyumbani kwa tiketi niliyojilipia, na jina langu likafungiwa nisirudi.

Kinachoniuma mpaka leo si tiketi. Bahrain ina kanuni nzuri kuliko watu wanavyodhani: ukishamtumikia mwajiri wako halali mwaka mmoja, unaweza kuhamia kwa mwingine hata kama hataki, ukifuata taratibu za LMRA. Mwenzangu aliyekuja na kibali safi cha mshahara mdogo kuliko nilioahidiwa mimi alivumilia mwaka wake, akahama, akaenda hoteli moja ya Juffair. Mimi nilikuwa na mwaka na ushei kisiwani na sikuwa na hata siku moja ya kuhesabiwa, maana kwa kafili wangu sikuwahi kufanya kazi.

Na wakala wangu? Yule mzee wa Kariakoo, kanzu nyeupe pe, tasbihi mkononi, "mwanangu nakuombea". Alinionyesha picha za Manama kwenye simu yake. Nilikuja kugundua baadaye kwamba lile jengo refu aliloniambia nitaliona kila asubuhi ni Burj Khalifa. La Dubai! Nchi nyingine kabisa! Manama ukitaka kuitambua tafuta minara miwili yenye mapangaboi matatu makubwa ya upepo katikati, imekuwepo tangu 2008. Nilipompigia kumweleza nimekamatwa, akasema "hukuwa na subira mwanangu", akanizuia namba. Nikikutana naye leo sitampiga, nitamwomba tu anionyeshe Burj Khalifa ya Manama iko mtaa gani.

Angalia pia kama wa kwako ameanza kutaja "fleksi". Hicho kilikuwa kitu cha kweli: mwaka 2017 serikali ilianzisha kibali ambacho mgeni anajidhamini mwenyewe. Kilifutwa 2022. Upo mpango mwingine wa kuandikisha wafanyakazi uliochukua nafasi yake, lakini haukutengenezwa kwa mtu aliyetua jana na viza ya matembezi. Mawakala wetu huku bado wanauza fleksi mpaka leo, na ukiwauliza wanakwambia imerudi.

Ukubwa wa nchi uliouliza, nao unaingia humu humu. Ni kama kilomita za mraba 780, haifiki hata nusu ya Unguja. Ni visiwa kadhaa, kile kikubwa ndicho chenye Manama, na Muharraq ndiko uliko uwanja wa ndege. Ukiwa na gari unatoka kaskazini mpaka kusini kwa saa moja hivi na njiani umesimama kunywa karak, chai yao ya maziwa. Njia za kutoka ni ndege, au daraja la Mfalme Fahd, kilomita 25 juu ya bahari mpaka Saudia, lilifunguliwa 1986. Wikendi yao ni Ijumaa na Jumamosi, na Wasaudi humiminika kwa daraja hilo. Wewe huna viza ya Saudia, daraja kwako ni la kupigia picha. Kwa hiyo ukishaandikwa mtoro huna mkoa wa kukimbilia. Gudaibiya, mtaa wa Manama walikojaa wageni, wakaguzi wanaijua kuliko wewe.

Mshahara: wengi wanaichanganya na Qatar. Bahrain ndiyo ya kwanza upande ule wa Waarabu wa Ghuba kupata mafuta, 1932, karibu na Jabal Dukhan, lakini visima vyake ni vidogo ukilinganisha na majirani, ndiyo maana wanategemea pia mabenki, kiwanda kikubwa cha alumini na watalii. Kima cha chini kwa mgeni wa sekta binafsi hakuna. Unalipwa kilichoandikwa kwenye mkataba, na kama mkataba wako ni wa gereji usiyoijua, unalipwa kilichoandikwa hewani. Kodi ya mshahara hakuna, ila VAT dukani ni asilimia 10 tangu 2022.

Joto: Julai na Agosti linapita 40, na unyevu wa bahari juu yake. Mimi ni wa Tanga na nilinyoosha mikono. Kazi za juani hupigwa marufuku saa sita mchana hadi saa kumi miezi hiyo. Januari utatafuta sweta. Dini ni Uislamu, Sunni na Shia, Ashura ni sikukuu ya serikali, makanisa yapo na watu wanasali. Siasa zao, hasa yale maandamano ya 2011, usizifungulie mdomo. Saa ni sawa na za kwetu, angalau mama hutamwamsha usiku.

Na usiniambie "mbona kuna wenzetu wametoboa kule". Wapo. Winfred Yavi, mzaliwa wa Kenya, alichukua dhahabu ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji Paris 2024 kwa bendera ya Bahrain, na kabla yake Ruth Jebet alifanya hivyo hivyo Rio 2016. Kama unakimbia hivyo, puuza uzi wangu wote, watakufuata wenyewe. Kama hukimbii hivyo, kibali kitangulie, wewe ufuate.

Maana yake: mwajiri anaomba akiwa kule, kibali kinatoka wewe ukiwa bado kwenu, unaona jina la mwajiri, kazi na mshahara, na unakagua mwenyewe kwenye tovuti ya LMRA, siyo kwenye picha aliyokutumia wakala. Wakala naye mkague TaESA, wakala wa serikali wa huduma za ajira Tanzania, na kama uko Kenya nenda NEA, mamlaka yao ya ajira. Mwajiri umpigie simu, umuulize atakupangia kazi gani. Akibabaika, umeshapata jibu.

Chakula sikumbuki ulitaka kujua nini, samaki wapo. Shemeji hawezi kukufuata kwa karatasi ya mfagiaji, hilo lisubiri.

Mpigie wakala leo hii, mwombe namba ya kibali. Akikujibu "itatoka ukifika", rudi hapa utuambie, na jina la mtaa anaokaa.